UZI: Wazee wa fidla wa Louisiana, na yule wa pili ambaye hakuna anayemsikia

#1 Dereva wa Usiku

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, asiye na bando la kutosha apite salama.

Mimi nabeba boksi huku Texas, ila boksi langu lina magurudumu kumi na nane. Njia yangu kubwa ni Houston kwenda New Orleans. Jumamosi moja asubuhi ajali ilifunga barabara kuu, nikachepuka njia ya ndani kuelekea mji mdogo unaitwa Eunice. Mashamba ya mpunga kulia na kushoto, na katikati ya maji vimechomoza vichwa vyekundu vya mitego, maana wakishavuna mpunga wanafuga humohumo kamba wa maji baridi. Nikawa nazungusha redio kutafuta chochote cha kunikesha. Nikamkuta mtu anatangaza bei za duka la vyakula kwa Kifaransa. Marekani hii hii! Kabla sijakaa sawa ikalia fidla.

Wakuu, nimekulia Tanga, fidla naijua ya kwenye taarabu, ile inayobembeleza. Hii haikubembeleza. Ilikuwa kama mtu anayelia huku anakimbia.

Jumamosi iliyofuata nikarudi na gari yangu ndogo. Nje kidogo ya Eunice kuna duka la vyombo vya muziki la Marc Savoy, fundi wa kutengeneza kodiani (kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kwa mikono), amelifungua tangu 1966. Kila Jumamosi asubuhi watu wanajikusanyia pale kupiga muziki. Hakuna jukwaa wala kiingilio, na kipaza sauti hakuna. Mtu anaingia na sanduku lake, anavuta kiti, anaingia kwenye duara. Wengine wanakuja na boudin, ni soseji ya wali na nyama ya nguruwe. Mimi nilikula mkate.

Nikakaa nyuma ya mzee mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, themanini na zaidi kwa kumkadiria. Alikaa kama dakika kumi bila kupiga. Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati kitambaa, ndani kuna kibonge cha rangi ya kahawia kama sukari guru, akakisugua kwenye upinde juu chini, juu chini, taratibu kabisa. Nikasema moyoni wazee na usafi wao. Akarudisha kibonge mfukoni, akaweka fidla kifuani, chini ya bega kidogo, akaanza.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kufika. Yule mzee hakupiga wimbo. Wimbo alikuwa anapiga kijana aliyekaa mbele yake. Mzee alikuwa anasaga nyuzi mbili kwa pamoja, upinde mfupi mfupi, zile za chini, gru-gru, gru-gru, kama kinu. Nikadhani mkono umechoka, anasindikiza tu. Alipoinuka kwenda kunywa kahawa ule muziki ukapwaya. Kijana alikuwa anapiga vilevile, lakini ikawa kama nyumba imeondolewa boriti. Aliporudi, watu wawili waliokuwa wamesimama karibu na mlango wakaanza kucheza.

Hiyo wanaiita kupiga sekondi, fidla ya pili. Zamani kabla ya kodiani, dansi ilikuwa nyumbani kwa mtu. Makochi na vitanda vinatolewa nje, watoto wanalazwa chumba cha nyuma, na fidla mbili tu zinaendesha watu hadi usiku wa manane. Umeme hakuna. Mmoja anapiga wimbo, wa pili ndiye ngoma, ndiye gitaa, ndiye besi. Kodiani za Kijerumani zilipoingia, mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na sauti kubwa na hazivunjiki ovyo, lakini zina vitufe kumi na zinapiga kwa ufunguo mmoja. Nyimbo nyingi za zamani hazikuingia kwenye vitufe kumi, zikaachwa. Zikabaki kwenye vidole vya wazee wa fidla.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma na kusikiliza kila nikipata nafasi, nitawamwagia nilichonacho. Ninachokiamini ni hiki, na mnaweza kunipinga. Muziki huu wa Wakajuni, Wafaransa wa Louisiana, wanasema umeokolewa. Wimbo ndio, upo, vijana wanaupiga vizuri mno. Fidla ya pili ndiyo naiona inachungulia kaburi, kwa sababu hakuna kijana anayeota kuwa wa pili.

#2 Jogoo la Shamba

Mkuu tuna matatizo yetu kibao, Wazungu wa Louisiana na fidla zao wanatuhusu nini? Afadhali utuambie lori linalipa shilingi ngapi kwa maili.

#3 Fidla ya Mkunazini

Mleta uzi ahsante sana. Mie ni mpiga fidla wa taarab Unguja mwaka wa thelathini huu. Nimeweka kiti, sitoki. Swali la kwanza: wanafunga vipi nyuzi? Sisi wengine tunafunga kwa namna ya Kiarabu, sol-re-sol-re. Hiyo gru-gru yako inanipa wasiwasi kuwa na wao wanashusha.

#4 Dereva wa Usiku

@Jogoo, ya malipo nitumie ujumbe wa pembeni.

@Fidla ya Mkunazini, umegonga penyewe. Wanashusha. Wengi wanateremsha nyuzi zote nne kwa sauti moja nzima ili vidole vikae palepale walipozoea huku wakilingana na kodiani ya do. Uzi ukilegea sauti inakuwa nzito na ya kukwaruza kidogo. Halafu karibu kila wanapopiga uzi mmoja upinde unagusa na wa jirani, kwa hiyo kuna mvumo chini ya wimbo muda wote, hata anayepiga akiwa peke yake.

Sasa niwaletee mzee mwenyewe. Dennis McGee, kazaliwa 1893 huko huko karibu na Eunice. Jina la Kiayalandi kabisa, lakini mtu wa Kifaransa tupu. Husimuliwa kuwa alishikilia McGee ni jina la Kifaransa, maana yeye hakuwahi kumwona McGee asiyeongea Kifaransa. Mkulima wa shamba la watu, baadaye kinyozi pale mjini. Mwaka 1929 alikwenda New Orleans na shemeji yake Sady Courville, wakarekodi santuri za fidla mbili. Courville ndiye sekondi. Ukizisikiliza leo unasikia Louisiana ya kabla ya kodiani: mazurka, polka, waltzi zinazokwenda mwendo ambao wachezaji wa leo hawaujui tena.

Baada ya 1934, McGee hakurekodi tena kwa miongo kadhaa. Alinyoa watu. Courville akauza fanicha. Dunia ikaendelea na mambo yake. Walipokuja kutafutwa na vijana miaka ya 1970, McGee alikuwa kwenye miaka themanini hivi na bado anakumbuka nyimbo alizofundishwa na wazee waliozaliwa karne ya 19. Alifariki 1989 na miaka 96.

Hebu fikirini, angekufa na miaka sitini kama baba zetu wengi, pangebaki zile santuri tu.

#5 Mwalimu Mstaafu

Ndiyo maana wahenga wa Afrika Magharibi wakasema mzee akifa ni maktaba imeungua.

#6 Dereva wa Usiku

Mwalimu shikamoo. Kwa heshima zote, huo msemo siupendi hapa. Maktaba inakaa kimya inakungoja. McGee hakuwa kabati la nyimbo, alikuwa kinyozi anayependa kucheza dansi na kutania watu. Wengi walikwenda kwake na mashine za kurekodi, wakaondoka na kanda. Waliokwenda na fidla wakaketi goti kwa goti ndio waliotoka na muziki.

Michael Doucet ni mmoja wao. Kazaliwa 1951. Mwaka 1975 alipata ruzuku ya serikali ya Marekani ya kukaa na wazee na kujifunza kama mwanagenzi mbele ya fundi wake. Akazunguka kwa McGee, kwa Canray Fontenot, kwa Varise Conner wa Lake Arthur, kwa Dewey Balfa. Mwaka uleule ndio ilianza bendi yake ya BeauSoleil, ambayo baadaye ilishinda Grammy mara mbili. Na sasa huyo kijana mwenyewe ana miaka sabini na kitu. Foleni inasogea.

#7 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nimekubali kukosolewa. Endelea.

#8 Binti Kinondoni

Nauliza tu, watu weusi wako wapi kwenye hadithi hii? Louisiana bila watu weusi mimi siielewi.

#9 Dereva wa Usiku

Wako katikati kabisa, nilikuwa naja huko.

McGee yule yule alikuwa na mwenzake wa kupiga naye, Amédé Ardoin, Mkreoli (ndivyo wanavyoitwa watu weusi wa huko wenye asili ya Kifaransa), mfupi, mpiga kodiani na mwimbaji. Walikutana wakilima shamba la bwana mmoja. Mzungu na mweusi, Louisiana ya miaka ya 1920, wanakwenda kupiga dansi pamoja na kurekodi pamoja. Kati ya 1929 na 1934 Ardoin alirekodi nyimbo 34, nyingi McGee yuko nyuma yake na fidla. Kila mpiga kodiani wa Kikajuni unayemsikia leo, akijua asijue, anapita kwenye njia aliyoifyeka Ardoin.

Mwisho wake unauma. Inavyosimuliwa na wenyeji, kwenye dansi moja ya Wazungu alikuwa anavuja jasho, mwanamke Mzungu akampa leso yake ajifute. Kwa leso hiyo, wanaume walimsubiri njiani wakampiga mpaka akaachwa hajitambui. Akili haikurudi sawa. Alikufa 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili Pineville, akazikwa pasipo alama. Mwaka 2018 wakamsimamishia sanamu Opelousas.

McGee aliishi miaka arobaini na saba baada yake. Hiyo ni sehemu ya jibu la kwa nini tunaongelea wazee wa fidla na si wazee wa kodiani.

Na wapo wapiga fidla weusi wenyewe. Canray Fontenot, kazaliwa 1922. Fidla yake ya kwanza aliitengeneza utotoni kwa boksi la sigara, nyuzi akazichomoa kwenye wavu wa mlango, ule wa kuzuia mbu. Mkubwa akawa anafanya kazi duka la chakula cha mifugo mji wa Welsh, jioni fidla. Alipiga maisha yake yote na Bois Sec Ardoin, ndugu wa ukoo wa huyo Amédé. Mwaka 1986 wote wawili walipewa tuzo ya taifa ya urithi. Canray akafa 1995, Bois Sec akaishi hadi 2007, miaka zaidi ya tisini.

#10 Binti Kinondoni

Leso jamani. Leso.

#11 Mwana wa Murang'a

Niaje watu wangu. Kuna kitu hapa kinanigusa. Huku Murang'a babu yangu alikuwa mchezaji wa mwomboko. Vyombo vya mwomboko ni kodiani na karing'aring'a, kile chuma cha mviringo kinachogongwa na kijiti cha chuma. Nimetazama video ya hao Wakajuni nikaona jamaa anagonga pembetatu ya chuma kando ya kodiani, nikashtuka. Ni mambo ya babu kabisa!

Swali: hao walikatazwa lugha yao ama waliiacha wenyewe? Kwa sababu sisi shuleni ukiongea Gĩkũyũ unavishwa disk shingoni, unatembea nayo hadi umpate mwingine ameongea umpatie. Jioni anayepatikana nayo anachapwa.

#12 Dereva wa Usiku

Ndugu yangu, kaa chini. Hilo hilo.

Hawa ni wajukuu wa Wafaransa waliokaa Acadie, leo ni Nova Scotia ya Kanada. Mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwapakia kwenye meli na kuwatawanya. Maelfu wakaishia Louisiana, kundi kubwa la mwisho likafika kwa meli saba kutoka Ufaransa mwaka 1785. "Acadien" likaliwa na ndimi likawa "Cadien", likawa Cajun. Huko kinamasini wakachanganyika na watu weusi, Wahindi Wekundu, Wajerumani, Waayalandi, na muziki ukachanganyika nao.

Halafu katiba ya jimbo ya 1921 ikaamuru shule za umma zifundishe kwa Kiingereza peke yake. Mtoto anafika darasa la kwanza hajui neno, akiomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kifaransa anaadhibiwa. Wengine walipigishwa magoti juu ya punje za mahindi. Wengine waliandikishwa mistari mamia kuwa hawatasema Kifaransa tena uwanjani. Walipokuwa wazazi, wakaamua watoto wao wasipitie hayo, wakaongea nao Kiingereza. Kizazi kimoja tu kikatosha.

Ile pembetatu wanaiita 'tit fer, chuma kidogo. Za zamani zilitengenezwa kwa meno ya reki za nyasi zinazokokotwa na farasi. Fundi anapasha moto, anakunja.

#13 Lushois

Bandugu, miye niko Lubumbashi, Kifaransa ni cha masomo, na ile nyimbo nilisikiliza jana yote. Nusu naelewa, nusu inanipita. Lakini kuna vitu vitamu sana. Gari wanasema "char". Sasa hivi ni "asteur". Na kufunga kamba ya kiatu wanasema "amarrer", ile neno ni ya kufunga mashua bandarini! Kusema watu walikuja na bateau wakaleta maneno ya bateau mpaka ndani ya nyumba. Hapa kwetu profesa akisikia mtu anasema vile atamkata pointi. Miye nimependa.

Swali yangu: vijana wenye wanaimba leo, wanajua kile wanaimba?

#14 Dereva wa Usiku

Wengine wanajua, wengine wameshika kama kasuku. Tangu 1968 kuna baraza la jimbo la kuendeleza Kifaransa, CODOFIL, na kuna shule ambazo watoto wanafundishwa masomo mengi kwa Kifaransa. Lakini miaka ya mwanzo wakaleta walimu kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Quebec, kwa hiyo mtoto akirudi nyumbani babu anaambiwa Kifaransa chake kibovu. Unaona jinsi mtu anavyopigwa mara mbili? Kwanza ameadhibiwa kwa kusema, kisha anachekwa na mjukuu kwa alivyosema.

Nyimbo ndipo "asteur" na "char" zilipopata hifadhi. Mzee akiimba hakuna anayemsahihisha.

#15 Bibi Shughuli

Nimesoma wote, hongereni. Wazee wa fidla, wazee wa fidla, mabibi je? Au walikuwa jikoni wanapika huo wali wa soseji?

#16 Dereva wa Usiku

Bibi umenibana, na ni haki yako. Jukwaani zamani mwanamke alionekana si wa heshima. Ila santuri ya kwanza kabisa ya muziki huu, ya Aprili 1928, gitaa lake linapigwa na mwanamke, Cleoma Breaux, pamoja na Joe Falcon aliyekuja kuwa mumewe. Ukisikiliza gitaa la Cleoma, kazi anayofanya ni ileile ya sekondi!

Na wanawake walikuwa na nyimbo zao za nyumbani, ndefu, za kuimba bila chombo, wakati wa kusonga na kufua. Alan Lomax na baba yake walipopita 1934 kurekodi kwa ajili ya Maktaba ya Bunge, waliwarekodi mabinti wa akina Hoffpauir wa New Iberia. Mabinti waliimba tungo za kale ambazo hakuna bendi ya dansi iliyokuwa nazo.

Leo ipo Christine Balfa, ipo Ann Savoy, na kwenye duara la Jumamosi niliona wasichana wawili na fidla.

#17 Jogoo la Shamba

Nimerudi. Nimesoma yote kimya kimya. Huyo Balfa mnamtajataja ni nani?

#18 Dereva wa Usiku

Karibu tena, jogoo.

Dewey Balfa, 1927 hadi 1992, wa upande wa Mamou. Familia ya mkulima wa shamba la mtu mwingine, watoto wengi, baba anapiga fidla. Yeye amekuwa dereva wa basi la shule, amelima, ameuza bima, ameuza fanicha. Mwaka 1964 tamasha kubwa la Newport, kule kaskazini Rhode Island, likahitaji Wakajuni. Dewey akachukuliwa dakika za mwisho kushika gitaa. Nyumbani mhariri wa gazeti moja alikuwa ameshaandika kwa kebehi kuwa watu hao wanakwenda kuaibisha jimbo kwa muziki wa kukwangua. Dewey hajawahi kuona umati unaozidi watu mia mbili. Newport walikuwepo 17,000, na waliposimama kupiga makofi hawakutaka kukaa.

Akarudi amebadilika. Alikuwa na ombi moja kwa watu wake: wasikie mwangwi wa yale makofi. Miaka kumi baadaye, Machi 1974, wakaandaa onyesho Lafayette, kwenye uwanja wa ndani. Na walifanya jambo la ajabu, waliweka viti. Watu wamezoea muziki huu wakicheza na kunywa, sasa wanalazimishwa kukaa na kuusikiliza. Maelfu walikuja usiku wa mvua. Tamasha la Lafayette la kila mwaka limetoka hapo.

Lakini nirudi kwa wa pili wangu. Katika bendi ya ndugu wa Balfa, Dewey alipiga wimbo na kaka yake Will alipiga sekondi. Tafuta rekodi zao usikilize sikio moja kwa Will. Yule mtu hapigi noti nyingi. Anakaa chini ya Dewey kama mtu anayeshikilia ngazi wakati mwenzie anapaka rangi juu. Mwaka 1979 Will na ndugu yao Rodney walikufa pamoja kwa ajali ya gari. Dewey aliendelea, akafundisha mashuleni, akafundisha kila aliyebisha hodi. Ukisikiliza Dewey wa baada ya 1979, fidla ni ileile. Mimi nasikia pengo. Labda najitungia.

#19 Fidla ya Mkunazini

Hujitungii ndugu yangu. Mie nimepiga na rafiki yangu mmoja miaka kumi na nane, kiti chake kushoto kwangu. Alipofariki walinikalishia kijana fundi kuliko marehemu, noti zote anazo. Nikawa kila nikifika mahali fulani mkono unasita kusubiri kitu ambacho kijana hakifanyi. Kumbe marehemu alikuwa akichelewa kidogo pale, nami nilikuwa nimeegemea kule kuchelewa kwake. Wala sikuwahi kujua.

#20 Mwana wa Murang'a

Hiyo imenifinya. Pole mzee.

#21 Lushois

Na ile ya umeme? Kama hakuna umeme kijijini, salle de danse kubwa watu wote wanasikia namna gani fidla?

#22 Dereva wa Usiku

Swali zuri, na jibu lake ni mzee ninayempenda kuliko wote kwa ubunifu. Luderin Darbone, kazaliwa 1913, mpiga fidla, mwanzilishi wa Hackberry Ramblers mwaka 1933 pamoja na Edwin Duhon. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa, watu wana pesa, kumbi zimekuwa kubwa, ila umeme vijijini bado. Darbone akanunua vipaza sauti, akaegesha gari lake la Ford nje ya ukumbi, akaliacha linanguruma usiku kucha, umeme wa injini ukilisha vipaza sauti ndani. Fidla inaendeshwa kwa petroli! Kipindi hicho kodiani ikawekwa kando miaka kadhaa, bendi za nyuzi zikatawala mpaka baada ya vita, 1948, kijana kipofu nusu Iry LeJeune alipoirudisha.

Na hao Ramblers hawakufa. Albamu yao ya 1997 iliteuliwa kuwania Grammy, Darbone ana miaka themanini na nne. Aliendelea kupiga akiwa amevuka tisini. Alifariki 2008.

#23 Binti Kinondoni

Kwa hiyo utabiri wako bado ni uleule? Fidla ya pili inakufa?

#24 Dereva wa Usiku

Nimepunguza ukali kidogo. Kuna kambi ya kila mwaka iliyopewa jina la Dewey Balfa, binti yake Christine ni mmoja wa walioianzisha, wazee na vijana wanakaa wiki nzima, na sekondi inafundishwa. Joel Savoy, mtoto wa yule mwenye duka, ni mpiga fidla na ana lebo ya kurekodi wenzake. Cedric Watson, kijana Mkreoli aliyetoka Texas, amezifufua nyimbo za akina Canray. Si haba.

Kinachonitisha ni kwamba kamba ni nyembamba. Courtney Granger, mjukuu wa ukoo wa Balfa, sauti na fidla kama amekufuatia kutoka 1930, watu walisema huyu ndiye. Akafa 2021 kabla hajafika arobaini. McGee alifika tisini na sita, Courtney hakufika arobaini. Hakuna ratiba.

Halafu niwape taarifa. Wiki mbili zilizopita nimenunua fidla. Duka la vitu vya rehani hapa Houston, dola themanini, na sanduku lake na upinde wake mpya kabisa bado una karatasi. Nataka nijifunze sekondi tu, wimbo sitaki. Kila usiku nikipumzika nakaa kwenye kitanda cha lori najaribu.

Tatizo haitoi sauti. Natumia nguvu mpaka bega linauma. Inatoa kama pumzi tu, fyuu, fyuu. Nimekaza nyuzi, nimelegeza, nimekaza upinde. Nadhani niliuziwa mbovu.

#25 Fidla ya Mkunazini

Subiri. Upinde umeupaka?

#26 Dereva wa Usiku

Kuupaka nini?

#27 Fidla ya Mkunazini

Ya Rabi. Si umetuandikia mwenyewe kule juu, yule mzee wa kofia, kibonge cha mfukoni?

#28 Jogoo la Shamba

😂😂😂 "wazee na usafi wao"

#29 Dereva wa Usiku

Naingia dukani sasa hivi.